Garimoshi la Damu ya Mzee

Kakangu alilileta lile boksi siku ya Idd ndogo, akamwekea baba mapajani. Ndani hamkuwa na garimoshi. Mlikuwa na mabati membamba ya shaba ya manjano, na kila bati limechorwa kwa tindikali vipande vya injini ya mvuke: milango, vidato, mpaka ribiti, misumari ya kuungia bati, ndogo kama chembe za mtama. Kazi ni kukata kipande, kukikunja penye mchoro, kisha kukilehemu kwa mwenziwe mpaka injini isimame.

Baba alikuwa mchochea moto kwenye injini za namna hiyo, ujana wake wote, mpaka zilipoondolewa njiani. Siku hizi ana mtoto wa jicho, haoni vizuri. Aliyapapasa yale mabati kwa vidole, akacheka peke yake.

"Nitakuundia mwenyewe, baba," kaka akasema.

Alijaribu, siwezi kumsingizia. Alikaa barazani, akaazima chuma changu cha kulehemu, maana mimi natengeneza simu na redio kwenye kibanda karibu na steji ya Changamwe. Akakiacha kikawa moto kupita kiasi. Ubavu mmoja wa injini, pale penye kibanda cha dereva, ukajikunja kama jani la mgomba lililotiwa motoni. Akavirudisha vipande boksini.

"Imeharibika. Nitampelekea fundi Nairobi."

"Niachie mimi," nikamwambia.

"Wewe? Hii si simu, dada. Kazi hii ina wenyewe. Usiguse, tafadhali."

Boksi likakaa juu ya kabati. Huyo fundi wa Nairobi hakuonekana. Kila baba alipouliza, kaka alijibu kwenye simu, "Inshallah." Neno hilo nalipenda, lakini si la kunyamazishia wazee.

Alasiri moja baba akaniita.

"Abee, baba."

"Lile boksi liko wapi?"

"Juu ya kabati. Kaka amekataza lisiguswe."

"Kwani alinipa mimi au alilipa kabati?"

Nililishusha palepale.

Nilianza na ule ubavu uliojikunja. Niliupasha moto taratibu, nikaulaza juu ya kigae, nikausugua kwa mgongo wa kijiko mpaka ukanyooka. Bati la boila nililiviringisha kwenye mchi wa kinu. Baba akalishika, akalizungusha mkononi.

"Tumbo limelegea huku nyuma."

Nikabisha. Nikachukua uzi, nikapima mbele na nyuma. Kweli, limelegea. Nikalifungua, nikaanza upya.

Kaka akapata habari, akapiga simu.

"Nasikia umelifungua."

"Ndiyo."

"Si nilikukataza?"

"Nilisikia."

"Na ukiliharibu?"

"Basi litakuwa limeharibiwa na mtoto wa kike wa baba, badala ya wa kiume."

Akakata simu.

Mambo hayakwenda vizuri siku zote. Nilipokuwa nalehemu kuba juu ya boila, joto lilipita likayeyusha kiungo cha dohani. Dohani ikaanguka, ikabingiria chini ya kochi. Nililia, wallahi, kwa hasira. Jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwanamke mzima, walilia vidude vya watoto?"

"Karibu ukae utazame," nikamjibu, "au nenda zako."

Akaenda zake. Nikatafuta kitambaa, nikakilowesha maji, nikaifunga nacho dohani nilipoirudisha, ili joto lisiifikie tena. Kuba likashika. Dohani haikutikisika.

Kwenye picha ya boksi injini ilipakwa kijani. Nilipomweleza baba, akakunja uso.

"Kijani? Yetu ilikuwa damu ya mzee."

Nikachanganya rangi nyekundu na nyeusi, nikajaribu juu ya kifuniko cha kopo na kukisogeza karibu kabisa na macho yake, nikachanganya tena, mpaka akasema, "Naam. Hiyo." Kwenye ghala la makaa la injini nikajaza mkaa niliousaga. Siku rangi ilipokauka nilimpa injini aishike. Aliipapasa kutoka dohani mpaka kibandani, na vidole vyake vikasimama penye mlango wa tanuri. "Nilikuwa nasimama hapa," akasema.

Kaka alikuja Idd kubwa. Akaiona injini mezani, akaizunguka.

"Fundi nani huyu?"

"Huyu," baba akasema, akanielekezea kidevu.

Kaka akainama, akachunguza chini ya mlango wa injini.

"Hapa lehemu imevimba. Nitaichukua ikasafishwe, kisha niiweke sebuleni kwangu. Wageni wangu waione."

Nikaweka mkono juu ya boila.

"Haiendi popote."

Akamgeukia baba, akingoja nikemewe.

"Umesikia," baba akamwambia.

Kaka alikula pilau, akaondoka mapema. Najua atapoa, ni kakangu. Lakini sikumpigia kumbembeleza, na ule uvimbe sikuupiga tupa.

Kesho yake nilipofungua kibanda, nilibandua karatasi ya zamani mlangoni, nikaandika mpya kwa herufi kubwa: TUNATENGENEZA SIMU, REDIO NA GARIMOSHI. Madereva wa malori hupita wakacheka, wengine hupiga picha. Mpaka leo hajaja mtu mwenye garimoshi. Karatasi siitoi.