Kilango Kisichokua

Hapa Msambweni mtoto husifiwa kwa kukua, nami sifa hizo zinanichoma. Jirani akimwona binti yangu akitoka madrasa husema mashallah, karefuka huyo. Naitikia alhamdulillahi kwa heshima, na moyoni namwambia afunge mdomo wake.

Binti alizaliwa na moyo wenye kasoro. Angali mchanga alipasuliwa India, akatiwa valvu iliyotolewa kwa maiti ya mtoto, kile kilango kinachozuia damu isirudi ilikotoka. Daktari alituambia mapema: kilango hakikui, mtoto ndiye akuaye, na pengine kitakakamaa kabla hajawa mwari. Mavyaa wangu, mama yake mume wangu, hakutaka kusikia. Kwake yeye, mtoto aliyepasuliwa amepona, na aliyepona hulishwa. Basi asubuhi uji wa mtama, mchana samaki wa kupaka, jioni maziwa, na kila Idi gauni jipya kwa kuwa la zamani limempanda magotini. Humsimamisha mlangoni amtazame alivyopanda, akacheka kwa furaha. Mimi hutoka nje.

Mwezi uliopita binti alikuwa akifagia uani, mara akaketi chini, ufagio mkononi, midomo imegeuka zambarau. Akasema amechoka tu. Katika kliniki ya Mombasa, daktari aliuchungulia moyo wake kwa mashine. Kisha akasema valvu imekakamaa na inabana, yatakiwa nyingine, na nyingine kama ile husubiriwa. Njiani kurudi, tulipofika Kombani, mtoto akaniuliza.

"Mama, hiyo nyingine, mwenyewe ameshakufa?"

Nikamwambia sijui.

"Kama bado, sasa hivi anafanya nini?"

Nikamfunga leso vizuri mabegani ingawa hakukuwa na baridi.

Jioni mavyaa aliwakusanya wanawake wa mtaa kusoma dua, kama afanyavyo jambo likimlemea. Udi ukafukizwa, tukakaa mkekani. Mwalimu wa kike akamwomba Mola amjaalie mtoto wetu valvu, na amjaalie upesi. Wanawake wakaitikia amin. Binti yangu hakuitikia. Alikuwa akinitazama mimi, naye alijua tunaomba nini. Wallahi niliogopa. Nilimwona mama mwenzangu, mahali nisipopajua, akimwita mwanawe aje kula.

Nikaitikia amin, kwa sauti kubwa kuliko wote.