Maporomoko Tumboni mwa Mama Neema

Mnaonifahamu hapa Masasi kama fundi wa video za harusi, naomba msicheke kabla sijamaliza.

Mama Neema wa Newala alitaka harusi ya bintiye ionekane imechezwa mbele ya maporomoko ya maji. Nikawarekodi yeye, bibi harusi na mashangazi mbele ya kitambaa cha kijani. Kwa kawaida unaanza na programu ya kufuta kile kijani na kuweka maporomoko, halafu ndipo unahamia programu ya kurekebisha rangi. Mimi mjuaji nikaanza na rangi. Nikaongeza njano ili picha ichangamke, sare za samawati za akina mama zikageuka kijani, nami nikajisifia! Kisha nikaiamuru kompyuta ifute kijani chote. Nikakagua kipande cha bibi harusi peke yake, aliyevaa gauni jeupe, nikaridhika.

Siku ya kuangalia, ukoo mzima ulijaa sebuleni. Vikatokea vichwa na mikono vikicheza hewani, maji yakiporomoka katikati.

Mama Neema akanigeukia taratibu. "Mwanangu, Newala nzima tunahangaika na ndoo, kumbe wewe maji umeyaona tumboni mwangu?"