Niliitwa kwenye kikao cha kanisa kwa sababu ya maillot

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi humu ni wa kusoma na kupita, sina kelele. Ila nimekutana na uzi wa jamaa anayeuliza kama mwanamke mnene aruhusiwe kuvaa nguo ya kuogelea mbele za watu. Nimesoma comments mpaka chai imepoa.

Wengine wanasema inategemea umri. Wengine wanasema inategemea mapaja.

Nikasema leo na mimi naandika. Sitaongeza chumvi, yenyewe ina chumvi ya kutosha.

Naishi Kamembe, Rusizi, huku Rwanda inakoishia. Ukivuka daraja umeingia Bukavu, Congo. Nimekulia huko Bukavu, nikarudi huku na wazazi nikiwa msichana mkubwa, kwa hiyo Kiswahili changu kina vumbi la pande zote mbili, mnivumilie.

Nina watoto watano. Kazi yangu ni kuvusha nyanya na vitunguu, na pale mpakani kila mtu ananijua kama Maman Divine, kwa jina la binti yangu mkubwa. Mwili Mungu hakuninyima. Nikipita mlangoni, mlango unajua.

Sasa, goti la kulia likaanza kuniletea fujo.

Kamembe iko juu, mpaka uko chini. Asubuhi kushuka na beseni kichwani si tatizo. Tatizo ni jioni kupanda. Ikafika mahali nasimama kila baada ya hatua chache najifanya naongea na simu, kumbe nasubiri goti likubali.

Hata kanisani. Mimi ni mwimbaji wa kwaya. Mchungaji akisema tupige magoti tuombe, kanisa zima linashuka, mimi nabaki nimekaa kama mgeni rasmi. Niliwaambia ni goti, bado nikasikia wanasema nimeanza kiburi.

Nikaenda hospitali. Dada anayeshughulika na viungo akaniambia dawa ya kumeza itatuliza tu. Nitembee ndani ya maji na nijifunze kuogelea, kwa sababu majini goti linafanya kazi bila kubeba mzigo. La sivyo, beseni nitaliaga.

Wakuu, beseni ndilo linalosomesha watoto wangu. Nililia njiani bila aibu.

Basi Jumamosi moja nikaenda na Divine kule Nkanka, kwa mdogo wangu anayeishi kando ya ziwa. Nikaingia Kivu kama tulivyozoea akina mama: kitenge kimefungwa kifuani, fulana juu.

Hapa naomba msinicheke.

Kitenge kikilowa kinakuwa kitu kingine kabisa. Maji yalipofika kiunoni kikafunguka, kikanizunguka miguu yote miwili kama mtoto anayekataa kuachwa nyumbani. Nikaanguka. Nilikunywa Kivu ya kutosha. Divine alinivuta mkono mpaka nje, na yeye analia.

"Maman, kitenge itakuuwa. Nitakutafutiya maillot."

Maillot ndiyo tunavyoita nguo ya kuogelea huku. Nikamwambia asinitukane.

Maana na mimi nilikuwa na imani ileile ya wale wa uzi ule. Maillot ni ya wasichana wembamba wa kwenye hoteli, wanaopiga picha wakiwa wameshika juisi. Wale wana mwili wake. Mimi nina michirizi ya mimba tano na paja moja langu linatosha kuwa dada mzima.

Divine hakubishana. Akaenda zake soko la Bukavu, akarudi nayo. Nyeusi, ya kipande kimoja, mikanda mipana. Juu iko sawa. Chini sasa, mapaja yote nje, hayana pa kujificha.

Niliijaribu chumbani mlango umefungwa. Mume wangu akagonga, nikamfungulia. Papa Divine si mtu wa maneno mengi. Aliniangalia juu mpaka chini, akakuna kichwa.

"Utasikiya baridi," akasema.

Basi. Hiyo ndiyo hotuba yote. Nampenda sana yule mwanaume.

Jumamosi iliyofuata nilishuka hadi ufukweni nimejifunga kitenge, nikakivua kwenye ukingo kabisa, nikaingia haraka. Masikio yalikuwa yanawaka kwa aibu. Lakini maji yalipofika kifuani, wakuu, nilisimama kwa goti lile bovu na halikuuma. Sikuamini. Nikalisimamia tena.

Nikawa naenda kila Jumamosi. Divine ananishika tumbo kwa chini, napiga miguu, nameza maji, tunacheka. Mlima wa Kamembe ukaanza kupungua. Nikaacha kuongea na simu isiyokuwa na mtu.

Ndipo ikaja picha.

Mtu alinipiga picha akiwa barabarani, nikiwa natoka majini. Ikaingia kwenye group la kwaya. Nilikuwa naosha sambaza za jioni, wale dagaa wa Kivu, simu ikawa inalia bila kupumua.

"Maman muzima wa kwaya!"

"Kama angekuwa binti mwembamba, sawa. Lakini ule mwili?"

"Mwili ya vile banaifichaka."

Nataka muone kitu hapo. Hakuna aliyesema nguo ni mbaya. Walichokataa ni mwili wangu. Na walioandika hivyo ni wanawake ninaoimba nao sauti moja, wengine walinipikia uji nilipojifungua.

Niliumia. Sikuwa na hasira hata kidogo, nilikuwa na huzuni tu. Nikaikunja ile maillot nikaiweka chini kabisa ya sanduku.

Siku iliyofuata nikaitwa kwenye kikao. Wazee wa kanisa na kamati ya akina mama. Mwenyekiti ni Mzee Damaseni, mtu anayeheshimika, sauti yake hata mbwa wa jirani wanaitii. Pembeni yake mkewe, Maman Furaha, ambaye ni mnene kuliko mimi, nasema kwa upendo.

Mzee akaweka simu mezani, picha iko wazi.

"Maman Divine, ile kitu iko ya babinti, haiko ya maman wa batoto batano. Uache kuvaa vile, ao upumzike kwaya. Unasema aje?"

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Kweli kabisa. Nilikuwa tayari kuacha maji, na nilijua goti litarudi vilevile na beseni nitaliaga.

Lakini nilipoishika ile simu, nikaona wamezoom. Picha nzima ni mapaja yangu na tumbo langu. Nikairudisha ikawa ndogo kama ilivyopigwa.

Nikaangalia. Nikaangalia tena.

Nikamrudishia.

"Mzee, mu ile picha unaona batu bangapi?"

"Moja."

"Angaliya muzuri."

Nyuma yangu, wakuu, kulikuwa na wanaume. Kila Jumamosi wanaume wa Nkanka na wageni wao wanaogea pale, na caleçon tu, yaani chupi, matumbo nje, wanajipaka sabuni na kupiga soga. Ni jambo la kawaida mpaka hata mimi sikuwahi kuwaona. Picha imezunguka group zima, watu wamenichambua mpaka kidole cha mguu, na hakuna hata mmoja aliyewaona.

Mmoja wao, caleçon nyeupe, sabuni kichwani, tumbo limetangulia, alikuwa Mzee Damaseni mwenyewe.

Aliileta simu karibu na macho. Akaisogeza mbali.

"Uyu ni miye," akasema polepole.

Maman Furaha akainama kutazama. Kwanza akaziba mdomo, halafu ikamshinda. Alicheka yule mama mpaka kiti kikalia.

"Na ile caleçon, ni miye niliinunuwaka ya Noeli!"

Kikao kikavunjika hapohapo kwa kicheko. Mzee peke yake hakucheka. Nikasema basi, nimemwaibisha mzee wa watu, kwaya ndiyo imekwisha.

Akaizima simu, akaiweka mfukoni. Akaniangalia usoni.

"Maman, goti yako inaendeleyaka aje sasa?"

Hapo ndipo nililia. Tangu nianze kuugua, tangu waanze kusema nina kiburi, tangu ile picha, yeye ndiye mtu wa kwanza wa kanisa kuniuliza hilo swali.

Nikamweleza yote: mlima, beseni, kitenge kilivyotaka kuniua. Wakasikiliza. Akina mama wawili wakaanza kushika magoti yao wenyewe.

Sitawadanganya kwamba watu wote wamebadilika. Kuna anayenipita bila salamu hadi leo. Lakini Maman Furaha alikuja Nkanka Jumamosi iliyofuata, ana sukari na daktari alishamwambia afanye mazoezi. Hakuwa na maillot, alivaa kaptula ya mumewe. Mzee alisimama ufukweni na kitenge cha mkewe begani, amegeuzia ziwa mgongo, anachunga barabara. Kila anayepita na simu mkononi anaambiwa apite haraka.

Sasa tuko kundi la akina mama. Tunapiga kelele kuliko kuogelea.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akikuambia mwili wako haufai kuonekana, muombe aoneshe picha nzima. Na dada yangu mwenye maillot chini ya sanduku, itoe ipate hewa.

Karibuni mseme, hata wenye matusi, nimeshazoea.

Ila kabla hujaandika, jua kwamba Jumapili iliyopita mchungaji alisema tupige magoti, na mimi nikashuka pamoja na wengine. Nilikaa pale chini hata baada ya amina, nimefumba macho, mpaka Divine akaja kunigusa bega akidhani nimekwama.