Shairi la Mwanaidi Mbele ya Mkuu wa Shule

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya sekondari Temeke, Mkuu wa Taaluma alinisindikiza hadi mlangoni mwa Kidato cha Pili. "Madam," akaniambia, "hawa usiwape orodha za kukariri. Wanazo tele." Kisha akaenda kukaa dawati la nyuma. Nikawaomba mfano wa tashbihi, yaani kulinganisha vitu viwili kwa kutumia "kama" au "mithili ya". Kijana wa mbele akasimama: "Madam mwembamba kama ufito." Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia mfano ni sahihi, sasa aiondoe hiyo "kama". "Madam ni ufito." Nikawaeleza kwamba hiyo ndiyo sitiari. Jina la Ufito likanikaa hadi nilipohamishwa, hata baada ya kunenepa.

Kutoka Temeke nilipelekwa Kipawa, na mwisho Kiwalani. Walimu vijana huniuliza ni tamathali gani iliyonipa taabu kufundisha, nami huwaambia hakuna. Tashihisi, ile ya kukipa kitu tabia ya mtu, mtoto wa Kiwalani anakuja nayo kutoka nyumbani, maana ndege ikipita chini majirani husema mabati yanalia. Kilichonipa taabu ni nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi. Mtunzi anaweza kuwa binti wa shule, na nafsineni akawa mzee au mwizi. Wanafunzi walinielewa. Wakubwa wao ndio walionitesa.

Mwaka mmoja, pale Kiwalani, niliwapa Kidato cha Nne kazi ya kutunga shairi kwa sauti ya mtu ambaye wao si yeye. Mashairi mazuri nikayabandika kwenye ubao wa matangazo, kama nilivyokuwa nikifanya siku zote. La Mwanaidi lilianza hivi:

Sare yanibana sana, kifungo kinajivuta,
Mama anaponiona, moyoni mwangu najuta.

Niliposoma hicho kifungo kinachojivuta nilifurahi mno. Mwalimu wa Nidhamu alipokisoma alilibandua shairi, akamwita Mwanaidi ofisini, akampigia simu baba yake. Miaka ile mwanafunzi akibainika ana mimba alifukuzwa shule moja kwa moja, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki wiki chache.

Nilimkuta Mwanaidi amesimama nje ya ofisi ya Mkuu wa Shule, amekumbatia mkoba tumboni. "Madam, mie sina kitu," akasema. "Wallahi sina." Nikamwambia najua.

Ndani, baba yake, fundi makochi, alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti. Mwalimu wa Nidhamu alilishika shairi kwa vidole viwili. "Mkuu, binti kakiri mwenyewe kwa mwandiko wake. Tumpeleke zahanati sasa hivi, akapimwe. Kama hana, si atarudi darasani? Ishu iko wapi?"

"Mwalimu," baba akasema polepole, "zahanati ipo katikati ya mtaa wetu. Mkimpitisha pale na sare, mkiwa mmemtangulia, hata akitoka hana kitu, watu watakuwa wameshasema. Mie nitamrudishaje mwanangu kutoka kwenye midomo ya watu?"

Mkuu wa Shule akanigeukia. "Madam, hapa imeandikwa 'moyoni mwangu'. Moyo wa nani huu?"

"Wa nafsineni, Mkuu."

"Usiniletee msamiati. Nikikosea hapa, mimi ndiye nitakayeulizwa na wilaya."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nikatoka bila kuaga, nikaenda kwenye ubao, nikabandua mashairi yote yaliyobaki, nikarudi nayo. Nikaweka la kwanza mezani. "Huyu anasema ameiba redio. Mwitieni polisi." Nikaweka la pili. "Huyu ana wajukuu tisa na mgongo unamuuma. Mwandikieni kiinua mgongo." La tatu lilikuwa la kaka mmoja mpole, nafsineni wake maiti anayeoshwa. "Na huyu kasema amekufa. Leo asubuhi nimemwona kwenye foleni ya mihogo. Tukamzike, Mkuu, au tumngoje amalize kula?"

Mkuu wa Shule alisoma la maiti lote, kimyakimya, kidole kikifuata mistari. Nje nilisikia Mwanaidi akikohoa. Hatimaye Mkuu akavua miwani. "Binti arudi darasani. Hakuna kupima mtu kwa sababu ya shairi. Mzee, tuwie radhi." Baba akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nilitoka pale natembea kwa madaha. Nilijiona nimeshinda.

Siku ya mtihani wa Kiswahili niliwangoja langoni. Swali la utungaji liliwaruhusu kuchagua shairi au barua, nami nilikuwa na hakika Mwanaidi angemshangaza msahihishaji. Alipotoka nikamuuliza ameandika shairi juu ya nini.

"Nimeandika barua, Madam, ya kuomba kazi."

"Wewe? Kwa nini?"

Akatazama chini. "Barua haina nafsineni. Hakuna atakayeniuliza moyo wa nani."

Alifaulu vizuri, na sasa ni mhasibu. Hunipigia simu kila Idi, na mimi humuuliza kama anaandika. Hucheka, akaniambia, "Madam na wewe!" kisha huniulizia hali ya miguu. Nimestaafu kwa heshima zote, nikaagwa kwa keki na kitenge. Lakini shairi lile ninalo mpaka leo, na beti zake ni tatu tu. Wa nne aliniambia anauongeza, na alikuwa bado hajaumaliza walipomwita ofisini.