Aliyemgongea Nyangumi

Blaise alizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mtoto hujua kupiga kafi kabla hajajua kusoma. Hufundishwa pia kwamba kiboko akiibuka, unagonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, pa-pa-pa, mpaka aondoke zake. Kaka yake alichelewa kugonga siku moja. Hakuzikwa, maana hakuonekana.

Alipohamia Durban, Afrika Kusini, alifundisha watu kuendesha kayaki, mitumbwi myembamba, bandarini, hadi meli moja ya watalii ikamchukua kama mwongozaji wa majaribio kwenda kwenye barafu, kusini kabisa mwa dunia. Huko maji yalikuwa yametulia, meusi, mazito. Pengwini walijitupa baharini kutoka kwenye kingo za barafu. Sili wanene walilala juu ya barafu wakipiga miayo. Blaise aliwafuata wageni wake kwa nyuma, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu, na hakukumbuka kama amewahi kupenda mahali kiasi kile.

Ndipo mgongo mpana ukainuka karibu na kayaki ya bibi mmoja, ukapumua. Wote waliacha kupiga kafi, kama walivyoagizwa: mnyama akija, kimya. Blaise akagonga. Pa-pa-pa. Nyangumi akazama, hakuonekana tena.

Sasa alikuwa Durban, katika saluni ya mkewe Agathe, mtaa wa Umbilo, akingoja simu ya Anaïs, mkuu wa waongozaji wa ile meli, ajue kama ataitwa tena msimu ujao.

"Baba Lyse, watu wanalipa wamwone, wewe unamfukuza sawa vile mbuzi kwenye mihogo," alisema Agathe huku akimsuka mteja.

"Eish, shemeji," mteja akacheka, "iko siku utaifukuza na meli yenyewe."

Simu ikaita. Anaïs alimsifu kwanza, kisha akauliza jambo moja: nyangumi akija karibu vile tena, atatulia?

Vidole vya Agathe vilisimama. Blaise alitazama nje, taksi zikipigiana honi. Jibu lililotakiwa alilijua, lilikuwa fupi.

"Akipita kando, nitatulia," alisema. "Akiinuka chini ya mtu, nitagonga."

Anaïs akasema ameelewa, na kwamba nafasi watampa mwingine. Akamtakia heri.

"Amesema nini?" Agathe aliuliza.

"Heri."

Blaise akasogeza kiti, akamshikia fungu la nywele bandia ili asuke upesi.