Spika Zilizobaki Rumande

Jina la Bi Majaribio alijipachika mwenyewe bila kujua. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akipanda majukwaani kabla ya wakubwa, anashika maiki na kusema, "Majaribio, majaribio, moja, mbili," hadi wajukuu zake wenyewe wakalisahau jina alilopewa na mama yake. Kazi yake ilikuwa kukodisha na kufunga vyombo vya sauti, na hapakuwa na mwanasiasa wa mji ule ambaye hakuwahi kukohoa kwenye nyaya zake.

Mafundi wengine hupima spika kwa muziki. Yeye aliwaona wavivu. Muziki huficha ubovu, alisema. Ukitaka kujua kama spika ni nzima, ipe sauti ya mtu. Kwa hiyo alirekodi kila hotuba kwenye kanda na kuandika jina la msemaji kwenye kipande cha plasta. Siku msemaji huyo akirudi jukwaani, Bi Majaribio alimtanguliza kwa sauti yake ya zamani, akazungusha vitufe mpaka ikae sawa. Huyu anasemea puani, punguza hapa. Yule anabweka, shusha pale. Ndani ya kabati lake la chuma, katikati ya vifundo vya waya, zilikaa ahadi zote za nchi, kila moja na plasta yake.

"Chama kikiwa nje ya serikali," aliwaambia wateja, "kinataka sauti ifike mpaka mtaa wa tatu. Kikiingia ndani, kinaniuliza kama siwezi kuipunguza kidogo." Wateja walicheka, naye akaendelea kukaza skrubu.

Chama cha Sufuria, kilipokuwa serikalini, ndicho kilicholeta Sheria ya Mikusanyiko. Kifungu cha tisa kilisema polisi wanaweza kuvunja mkusanyiko wowote usio na kibali na kushikilia vyombo vyake vyote mpaka waziri aamue vinginevyo. Chama cha Ngazi, wakati huo kikisugua benchi la upinzani, kilikivalia njuga kifungu hicho. Mwanasheria wao, mtu mrefu mwenye sauti ya kutikisa madirisha, alisimama uwanjani akakilaani mpaka akatoa machozi ya kweli. Polisi walifika kabla hajamaliza kulia. Wakamchukua yeye, wakachukua na spika mbili za Bi Majaribio.

Maboksi ya spika hizo aliyachonga marehemu mume wake, seremala, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, kwa mbao nzito ambazo siku hizi hazipatikani. Bi Majaribio aliziita Mapacha. Mwanasheria alilala rumande siku mbili. Mapacha walilala huko miaka minne, na mama wa watu alifanya kazi kwa spika za kuazima zilizokwaruza kama mtu mwenye mafua.

Kisha Ngazi ikashinda uchaguzi, na Mwanasheria akawa Waziri, tena yule yule waziri anayetajwa kwenye kifungu cha tisa. Bi Majaribio alivaa gauni lake la sherehe, akaenda kituo cha polisi. Sajenti wa stoo, kijana mpole aliyefunga miwani yake kwa uzi, alimpokea kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwachukua Mapacha."

Sajenti akafungua daftari, akapitisha kidole. "Washtakiwa walifutiwa mashtaka, mama. Vielelezo havikufutiwa."

"Kwani vimefanya kosa gani?"

"Hakuna kosa. Vinasubiri amri ya waziri." Akamwonyesha Mapacha kupitia nondo, wamebandikwa namba moja na namba mbili. Alisema huwafuta vumbi kila Ijumaa, na kweli waling'aa.

Akaenda wizarani. Kule alipigwa danadana wiki mbili, njoo kesho, njoo keshokutwa, mpaka Waziri mwenyewe akamkuta kwenye ngazi na kumwingiza ofisini. Akamwagizia chai.

"Mama yangu," akasema, "kifungu kile ukikitazama ukiwa nje, ni kibaya. Ukikitazama ukiwa ndani, kina busara yake."

"Na Mapacha wangu wako ndani, mheshimiwa. Miaka minne. Niwaulize wao?"

Waziri akacheka sana, akasema ataunda kamati.

Wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa Sufuria alimtembelea Bi Majaribio kwenye karakana yake, amefura kwa hasira. "Kifungu cha tisa ni unyama, dada yangu! Tutakipinga mpaka mwisho!"

"Si wewe uliyekileta?"

"Nilikuwa serikalini," akajibu, kama mtu anayeeleza kwamba wakati ule alikuwa na homa.

Bi Majaribio alichoka. Usiku hakulala vizuri, akiwawaza wanaume hawa wawili waliobadilishana viti na maneno huku spika zake zikibaki pale pale. Lakini kuchoka kwake hakukuwa kwa mtu wa kukaa akijikunja. Ngazi ilipoandaa mkutano wa kutimiza mwaka mmoja madarakani, katibu wa Waziri alikuja kumpa kazi, naye akaipokea kwa tabasamu.

"Nitahitaji sauti ya mheshimiwa ya kupimia," alisema.

"Tumia yoyote uliyo nayo," katibu akajibu, macho kwenye simu.

"Yoyote?"

"Yoyote, mama, yoyote!"

Akaliandika neno hilo kwenye karatasi ya kazi, katibu akatia saini bila kusoma.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa. Waziri alikuwa bado njiani. Bi Majaribio akajitia hamnazo, akachomeka nyaya, akaweka kanda ya siku ile ya machozi, akabonyeza kitufe. Sauti ya kutikisa madirisha ikalipuka: "Ndugu zangu! Siku Ngazi itakapopanda, kifungu cha tisa hakitafika jioni! Serikali inayoogopa spika za mama mjane, haiogopi nini?"

Watu walidhani Waziri amewasili, wakapiga vigelegele. Bi Majaribio akapunguza besi kidogo, akairudia. Mara ya tatu uwanja mzima ulikuwa unaitikia. Waziri alishuka garini akipunga mikono miwili kwa furaha, mpaka alipojisikia mwenyewe akilia. Mikono ikabaki hewani.

Katibu akaja mbio. "Zima! Zima!"

"Vumilia kidogo, baba. Besi haijakaa."

Tumpe Waziri haki yake: alikuwa mwanasiasa. Alipanda jukwaani, akafuta jasho, akanguruma, "Sauti mliyoisikia ni yangu, na mimi sijabadilika! Kesho asubuhi mama huyu atapewa spika zake, zawadi kutoka kwangu!" Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Kuhusu kifungu chenyewe hakutamka hata neno moja.

Bi Majaribio alifurahi, tena machozi yalimtoka nyuma ya mitambo. Lakini lile neno zawadi lilimkaa kooni njia nzima ya kurudi nyumbani. Vitu vyake, vilivyochongwa na mume wake, leo ni zawadi?

Asubuhi alifika kituoni na mkwewe, wakisukuma mkokoteni. Nje alikuta foleni. Mwalimu wa kwaya alifuata kinanda chake. Muuza magazeti alifuata kipaza sauti cha mkononi. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikuwepo, na wengine nyuma yao. Wote walimsikia Waziri jana, wakadhani mlango umefunguka.

Sajenti akasoma amri. "Ni spika mbili tu," akasema kwa aibu. "Kwa hisani ya mheshimiwa waziri. Saini hapa, mama."

Watu wakaanza kugeuka waondoke. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekuja na kitambaa cha kukifunikia kinanda, akakikunja tena polepole. Bi Majaribio akaishika kalamu. Akisaini, Mapacha watakuwa nyumbani kabla ya mchana, na nani angemlaumu? Akaiweka kalamu chini. Aliogopa, na hakuona haya kukiri.

"Sisaini nisichokipima," alisema.

Sajenti hakuona ubaya. Akasaidia kuwatoa Mapacha barazani, akampa waya kutoka kwenye soketi ya kituo. Mara hii Bi Majaribio hakuwa na hotuba ya mtu. Akachomeka maiki, akalivuta daftari la vielelezo, akavaa miwani.

"Majaribio, majaribio," sauti ikatoka nzito na safi, kama aliyoiacha miaka mitano iliyopita. "Namba tatu, kinanda cha kwaya. Mwenyewe yuko hapa, kavaa koti la kijivu. Miaka mitatu." Akashuka mstari kwa mstari. "Namba kumi na tatu, kipaza sauti cha muuza magazeti. Mwaka na nusu. Namba kumi na tano, baiskeli na honi yake."

Watu wakatoka madukani. Foleni ya benki ya jirani ikavunjika, ikahamia barabarani mbele ya kituo.

"Mama," Sajenti akanong'ona, mkono wake tayari umeshika waya, "huu sasa ni mkusanyiko. Una kibali?"

"Sina. Lakini sijasaini, mwanangu. Spika bado ni zenu. Umeme wenu, baraza lenu, daftari lenu. Mkusanyiko huu ni wa polisi. Jikamateni."

Umati ukaangua kicheko. Sajenti hakucheka. Aliitazama amri isiyo na saini, akamtazama mwalimu mkuu aliyekuwa bado hajasikia namba yake, akautazama waya mkononi mwake. Bi Majaribio alimwona akifikiri. Hatimaye Sajenti akauachia waya, akainama kwenye daftari, akaweka kidole juu ya mstari.

"Umeruka namba kumi na nne," akasema. "Ngoma ya watoto wa shule."