Siku Niliyomwambia Akoth Anyamaze

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka mikono yangu hutafuta kitu cha kushika. Ilikuwa miaka ya tisini, msimu wa masika. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mwalimu wa shule ya msingi kule Rongo, mwenye sifa ndogo ya uchoraji na kiburi kikubwa.

Nimezaliwa Kendu Bay, nyumba ya dukani, kwa Waislamu wenye asili ya pwani. Tangu utotoni nilichora ziwa na Mlima Homa. Halafu nikapata kinasa sauti cha kaseti, chenye kipaza sauti cha mkononi na visikizio vya masikioni, nikaanza kunasa kwanza ndipo nichore. Nilikwenda mahali, nikanasa upepo, vyura, majembe ya watu shambani, nikarudi nyumbani nikafumba macho na kusikiliza mpaka rangi zije zenyewe. Watu waliniona nimerukwa na akili kidogo, lakini wakanistahi kwa sababu ya ualimu.

Basi nikaalikwa kuonyesha kazi zangu Kisumu. Nikataka picha za mlima ziwe ukutani, chini yake vyungu vya udongo wa mlima uleule, na ndani ya kila chungu isikike sauti ya mahali udongo wake ulipochimbwa. Kufinyanga sikujua. Ndipo nikaenda kwa Mama Wilfrida, mjane aliyefinyanga vyungu chini ya mlima pamoja na binti yake Akoth, rika langu, mcheshi asiyeweza kukaa kimya hata akila.

Wao walifinyanga, mimi nikachora nakshi kabla vyungu havijakauka. Mama Wilfrida alinifundisha kugonga chungu kwa kifundo cha kidole: kizima hulia, chenye ufa hukohoa. "Mwalimu, masikio yako ni mazuri," aliniambia. "Lakini macho ukifunga, yamefunga. Masikio yatasikia tu, hata ile kitu hutaki."

Alikuwa na sharti moja. Mvua ikinyesha, shimo la udongo haliingiwi mpaka jua liwake siku tatu. Shimo lenyewe lilikuwa ukingoni mwa kijito, refu kuliko kimo cha mtu, na ukuta wake mmoja ulikuwa umeliwa chini kwa kuchimbwa miaka mingi.

Siku hiyo Mama Wilfrida alikuwa ameenda sokoni. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Vyungu vyetu viwili vilikuwa vimepasuka motoni, na maonyesho yalikuwa yamebakiza siku chache. Nikamwambia Akoth twende shimoni.

"Mama alisema siku tatu," akasema.

"Udongo uwahi ungali maji," nikamjibu. Tazama, mwanangu, jinsi methali nzuri inavyoweza kutumikia nia mbaya.

Akoth akacheka. "Wewe na methali zenu za watu wa pwani! Haya, lakini haraka, mathe asitupate."

Akashuka na jembe. Mimi nikachuchumaa juu, nimevaa visikizio, kipaza sauti nimekining'iniza kwa waya. Jembe lilipiga ukuta, na mwangwi wake ulikuwa mtamu ajabu. Kisha nikasikia kitu kingine nyuma ya jembe: mchakacho mwembamba, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo. Ulikuwa ukitoka ndani ya ukuta. Sijapata kusikia sauti nzuri kama ile.

Akoth naye akainua kichwa. "Mwalimu, hii nini nasikia?"

Nikaweka kidole mdomoni. "Shhh! Nyamaza kidogo, nanasa."

Akanyamaza. Yeye asiyenyamaza kamwe, siku ile alinyamaza, kwa kuwa mimi nilikuwa mwalimu na mgeni wao. Alisimama na jembe mkononi, ananitazama. Ndipo ukuta ukashuka.

Nilipong'oa visikizio sikumwona. Niliona udongo tu, na mpini wa jembe. Niliruka ndani, nikafukua kwa kucha mpaka nikagusa nywele, kisha paji la uso, nikamtoa udongo mdomoni kwa kidole. Akavuta pumzi. Mabonge yalikuwa bado yanaanguka mgongoni mwangu, na juu yetu ufa mpya ulikuwa unatambaa. Nikikimbia kuita watu, atafunikwa tena. Nikibaki, huenda tukafunikwa wote. Hofu ilinishika hata mkojo ukanitoka, sikufichi. Nikabaki, nikauzuia udongo kwa mgongo, nikapiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Wanaume watatu waliokuwa wakilima ng'ambo ya kijito wakaja na majembe na mbao.

Tulimfikisha Akoth hospitalini Homa Bay akiwa hai, mguu umevunjika mara mbili. Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile asiyesikia nilikuwa mimi, na guu lililovunjika lilikuwa la mwenzangu.

Mama Wilfrida alipofika, Akoth akamwambia mbele yangu, "Ni mimi nilitaka kuenda. Mwalimu alinikataza." Nilipaswa kusema. Lakini nafuu niliyoipata ilikuwa tamu, na utamu wake ukanitisha kuliko lile shimo. Nikarudi Rongo kufundisha. Kwa siku nne, kila kivuli kilichopita mlangoni mwa darasa nilidhani ni mtu amekuja kuniambia Akoth amekufa, au Akoth amesema ukweli. Na sikujua kipi nilikiogopa zaidi. Siku nilipogundua kwamba sijui, nikapanda gari nikarudi.

Mama Wilfrida alikuwa kwenye varanda ya hospitali. Nikapiga magoti. "Mama, ni mimi niliyemshawishi. Na kuna jingine. Niliusikia ukuta kabla haujaanguka."

"Uliusikia."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukafanya nini?"

"Nikamwambia anyamaze."

Alifungua fundo la leso yake, akalifunga tena. Nilitamani anizabe kofi. "Hiyo sauti ilikuwa ya Akoth," akasema polepole. "Mungu alimtumia hiyo onyo, ikapitia kwako kwa sababu wewe ndiye ulipewa masikio. Na wewe ukaiweka kwa kaseti." Kisha akanionyesha mlango wa wodi. "Usiniambie mimi. Enda umwambie yeye."

Nikamwambia.

"Nilijua, mwalimu," Akoth akasema. "Nilikuwa naangalia uso yako. Ulikuwa unafurahi."

Nimeogopa mengi maishani, mwanangu, lakini sijaogopa kitu kama maneno yale.

Kisumu sikwenda. Kaseti ile nilimpa Mama Wilfrida, naye akaitia kwenye moto wa vyungu. Akoth anachechemea hadi leo. Ilipita karibu miaka miwili ndipo akanituma mtu niende nikatie nakshi vyungu vyake, kwa sharti lake mwenyewe: siku nikitaka kunasa sauti za shimo, nishuke mimi, yeye akae juu. Nilishuka. Naye aliongea bila kukoma, kaseti nzima ni sauti yake, na ndiyo kazi yangu ninayoipenda kuliko zote.

Sasa wewe umeniambia unataka kuwa msanii, nami sikukatazi. Lakini jua kwamba msanii huona na kusikia kabla ya wengine, na anayetangulia kusikia ana deni la kutangulia kusema. Ukiona uzuri mahali penye hatari, mwite mtu atoke kwanza. Picha utachora nyingine. Usimtume mwenzako mahali ambapo wewe huthubutu kusimama. Na ukikosa, usimwachie uliyemuumiza akubebee uongo, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Mungu akubariki, mwanangu. Aibariki mikono yako, na wale watakaofanya kazi kando yako wazeeke wakiwa wazima, na wakikutaja wakutaje kwa kheri. Amina.